Zege la Montréal

Nilikaa Montréal siku nne. Kwenye begi nilikuwa na vitabu vya kusoma jioni, na kichwani nilikuwa na chakula kimoja cha kutafuta. Vitabu vilirudi havijafunguliwa. Poutine nilikula mara tano.

Kwa ambaye hajakutana nayo: ni chipsi za moto, juu yake madonge ya jibini changa, kisha mchuzi mzito wa kahawia unamwagwa juu ya vyote. Basi, hakuna kingine. Wenyewe wa Québec hutamka kama "putsin", na katika Kifaransa chao cha mtaani neno hilo hubeba pia maana ya mchafukoge, kazi iliyoborongwa. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu, maana sisi Dar es Salaam chipsi mayai tunaiita zege. Zege! Kokoto na saruji, kitu cha kuchanganywa kwa koleo. Miji miwili isiyojuana imekitazama chakula inachokipenda, ikakitungia jina la kukisimanga, halafu ikaendelea kukila. Nimesoma tahariri nyingi za vyakula zisizofikia nusu ya uhakiki uliomo ndani ya majina hayo mawili.

Lakini watu wameandika pia, na kwa kuwa hapa tunasoma vitabu, niseme nilichosoma. Charles-Alexandre Théorêt alitoa mwaka 2007 kitabu kiitwacho Maudite poutine!, na kwenye jalada anakiri kwamba ni historia ya "takribani". Hilo neno nimelipenda. Huko kila mji una madai yake. Warwick wanasema ilikuwa 1957, mteja aitwaye Eddy Lainesse alimwomba Fernand Lachance amchanganyie jibini na chipsi, naye Lachance akamjibu kwamba huo utakuwa uchafu mtupu. Drummondville wanasema hapana, bila mchuzi hiyo si poutine, na mchuzi uliwekwa na Jean-Paul Roy wa Le Roy Jucep mwaka 1964. Ukiwasikiliza utadhani wanagombania shamba la urithi.

Wa pili ni Nicolas Fabien-Ouellet, aliyechapisha mwaka 2016 makala iitwayo Poutine Dynamics katika jarida la CuiZine. Huyu hana mzaha. Hoja yake ni kwamba kwa miaka mingi poutine ilitumika kuwacheka watu wa Québec, kuwaona washamba wa mafuta na viazi. Kisha ilipopendwa, ghafla ikaitwa chakula cha taifa la Kanada. Yaani kicheko kilikuwa chao, sifa ikawa ya wote. Mimi ningeongeza mfano mmoja. Mwaka 2000 mchekeshaji wa Kanada, Rick Mercer, alimwambia George W. Bush, aliyekuwa akigombea urais, kwamba Waziri Mkuu "Jean Poutine" anamuunga mkono. Bush akashukuru. Kanada ikavunjika mbavu. Waziri Mkuu halisi alikuwa Jean Chrétien, mtu wa Québec. Utani ulimlenga Mmarekani, sawa, lakini hebu jiulize: kati ya majina yote duniani, kwa nini mtu wa Québec alipachikwa hilo?

Kwa hiyo Fabien-Ouellet ananishawishi, karibu. Ninachokitaka zaidi kwake ni aibu ya aina nyingine, ile ambayo mwenye chakula anajipaka mwenyewe. Nitairudia. Kwanza tule.

Kabla ya Montréal nilipita Toronto, na mgahawa mmoja ambao sitautaja ulinipa chipsi zenye jibini iliyokunwa kama nazi. Iliyeyuka, ikawa gundi. Nilikula kwa heshima ya hela yangu. Montréal nikaanza na La Banquise, mtaa wa Rachel, ambayo ipo tangu 1968. Menyu ina poutine za aina kama 30. Niliagiza ile ya kawaida, ikanishibisha vizuri, ila kila meza ilikuwa na simu imenyanyuliwa juu ya sahani, yangu ikiwemo. (Au Pied de Cochon, kwa mpishi Martin Picard, wanaweka juu yake ini la bata aliyenoneshwa. Sikuwa na hela hiyo, na nikiwa nayo nina shida nyingine.)

Siku ya tatu, nikiwa kwenye teksi, nilipokea simu ya nyumbani. Nilipokata, dereva akanisalimu kwa Kiswahili. Mrundi. Nikamweleza ninachotafuta, akanitazama kwenye kioo: "Dada, unataka poutine ya kupiga picha ama ya kula?"

Alinishusha kwenye kijiduka cha aina wanayoiita casse-croûte: kaunta, viti virefu visivyozidi vinane, mama mmoja nyuma ya mafuta. Nilipewa kwenye bakuli la karatasi na uma wa plastiki. Na hapo ndipo jibini ililia. Ikiwa changa kweli hulia kwenye meno, nyi nyi nyi, kama ndala mpya kwenye sakafu yenye maji. Ikilala siku moja sauti huanza kupotea, ndiyo maana chakula hiki kilizaliwa kule kwenye ng'ombe na viwanda vidogo vya jibini. Una dakika chache tu. Mwanzo chipsi zina ukakamavu, katikati mchuzi unazishinda, mwisho unakokota uma kwenye uji wenye chumvi. Nilikula mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

Sasa ile aibu. Mwaka juzi niliandika insha kuhusu urojo wa Forodhani, ikasifiwa sana. Niliweka karafuu, majahazi, upepo wa kusi, kila kitu. Ukweli ni kwamba jioni ile urojo nilikula vijiko vitatu, nikaondoka kwenda kutafuta chipsi mayai. Na si hilo tu. Katika insha hiyohiyo nilimtaja mjomba aliyenilea, nikamwita "mfanyabiashara". Mjomba anakaanga chipsi Tandika tangu nikiwa darasa la pili. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye karai lile, na harufu yake ilikuja nayo shuleni kwenye sweta. Wenzangu walipoanza kuniziba pua, nilijifunza kusema kwamba mjomba ana biashara zake.

Kwa hiyo nikisoma kwamba wenye nguvu waliwanyang'anya watu poutine yao, naelewa, lakini mimi hakuna aliyeninyang'anya zege. Nililificha mwenyewe, tena kwa Kiswahili sanifu. Nimemwandikia mhariri wa insha ile abadilishe neno moja. Hajajibu.

Pale kaunta nilimpigia mjomba picha ya bakuli, nikaituma na shikamoo yake. Huku mchana, Tandika usiku, saa ya wateja. Akajibu kwa sauti, mafuta yakichemka nyuma yake.

"Marahaba, mama. Sasa hao jamaa mayai wameyapeleka wapi?" Akacheka, akamrudishia mtu chenji. "Hebu niulizie. Viazi wanakaanga mara moja, au wanavitoa vipoe kwanza ndiyo wanavirudisha? Maana kwa mchuzi mzito vile, kiazi cha mara moja kingeshalala."

Kifaransa changu ni cha kuombea maji. Nilimwonyesha yule mama chipsi, nikaonyesha karai, nikanyoosha kidole kimoja, kisha viwili, nikamtazama. Akanyoosha viwili, na katikati akafanya ishara ya kupepea, vipoe.

Nikamrudishia mjomba jibu.

"Basi wanajua kazi," akasema, akarudi kwa wateja wake.