Kwihara: Tembe Iliyonusa Baruti

Wana-Ipagala, acheni kila kitu! Pandeni basi, piteni Manyoni, piteni Itigi, mkifika Tabora tafuteni njia ya Kwihara, kilomita chache tu nje ya mji. Jamani, ile tembe!

Sisi wa Ugogo tembe tunaijua: miti, udongo, paa bapa, unainama ukiingia. Hii unaingia kichwa juu. Kuta nene nyekundu, mlango wa nakshi kama umetoka Unguja leo asubuhi, ua katikati na vyumba vimeuzunguka. Waarabu wa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, walijua kuishi, ingawa tunajua fedha ilitoka wapi: pembe na watumwa. Nyumba ni ya miaka ya 1850, ikakarabatiwa 1957.

Wengi huiita nyumba ya Livingstone, yule mmisionari msafiri. Mimi naiita nyumba ya vita! Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya misafara ya Ujiji, biashara ikakwama. Waarabu wakamwendea kivita, na Stanley, mwandishi wa gazeti aliyefika Juni hiyo, akajiunga nao. Wakakiteka kijiji cha Wilyankuru, wakabeba mateka, wakaviziwa njiani wakirudi. Tarehe 22 Agosti rugaruga, wapiganaji wa Mirambo, wakaingia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdullah akauawa, mji ukawaka moto. Stanley aliutazama moshi akiwa hapahapa Kwihara, watu wake wakitoboa kuta wapate kupitisha mitutu. Mirambo hakuja. Lakini simama uani, waza walivyongoja usiku ule, halafu uniambie kama mwili haukusisimki!

Februari 1872 Stanley alirudi hapa na Livingstone, aliyebaki hadi Agosti akisubiri wapagazi. Akafia safarini, na Oktoba 1873 watumishi wake Susi na Chuma wakafika Unyanyembe wamebeba maiti yake. Msafiri Mwingereza Cameron, aliyekuwa pale, akawashauri wamzike hapo. Wakakataa katakata, wakaendelea kutembea hadi pwani. Hao ndio mashujaa wangu.

Nina nongwa moja tu: jina la mpangaji limewafunika wote. Mirambo, aliyewanyima usingizi wenye nyumba na kutawala hadi kifo chake mwaka 1884, astahili kutajwa kwanza.

Mkibakiwa na siku, shikeni barabara ya Kigoma hadi Urambo, kwake mwenyewe. Mimi nauli iliniishia Tabora. Nangoja zabibu ziuzike.