Meli Isiyopigwa Picha

Mwishoni mwa miaka ya sabini, nikiwa mkufunzi kijana wa historia katika chuo cha ualimu huko Nachingwea, niliwaonyesha wanachuo filamu ya Kiingereza iitwayo In Which We Serve. Noël Coward na David Lean waliitengeneza mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Inasimulia maisha ya manowari moja, tangu kuundwa kwake hadi kuzamishwa na ndege za Wajerumani karibu na kisiwa cha Krete. Walionusurika wanang'ang'ania boya, na kila mmoja anakumbuka nyumbani kwake.

Ni filamu nzuri, na hadi leo sijabadili mawazo. Kosa langu lilikuwa kuwaambia vijana kwamba hivi ndivyo vita vya baharini vilivyokuwa. Manowari ile, Torrin, haikupata kuwapo. Ni kivuli cha Kelly, manowari ya Mountbatten iliyozama hapo Krete tarehe 23 Mei 1941, na sehemu kubwa ya tunayoyaona ilipigwa studio. Iulize filamu hiyo jinsi Waingereza wa 1942 walivyotaka kujiona, nahodha na baharia wa kawaida wakishika boya moja, nayo itakujibu vizuri kuliko hati nyingi za serikali. Iulize habari za bahari, itakudanganya kwa adabu.

Usiku ule mzee mmoja wa Ruangwa (wakati huo Ruangwa ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Nachingwea), aliyekuja kumwona mwanawe, alinifuata taa zilipowashwa.

"Mwalimu, ndugu yangu aliondokea Mombasa na kikosi cha mizinga, hakurudi. Mbona humu sijawaona watu wetu?"

Nikamjibu kwamba hiyo ni bahari nyingine. Jibu la kivivu.

Miaka mingi baadaye ndipo niliposoma habari za Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa Februari 1944 kuelekea Colombo, imepakia askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani ikaipiga. Ilizama kwa dakika chache mno, wakafa watu zaidi ya 1,200. Nyambizi ikajificha chini ya waliokuwa wakiogelea, na manowari za Kiingereza zilizousindikiza msafara zikaangusha mabomu papo hapo, katikati ya watu wao wenyewe.

Filamu gani ya 1944 ingethubutu kuonyesha hilo? Tendo la namna hiyo limo katika The Cruel Sea, iliyotoka mwaka 1953, vita vimekwisha miaka minane, tena katika bahari ya Atlantiki. Walimu vijana wakiniuliza, nawaambia wamwonyeshe Coward bila wasiwasi, kisha wawaulize wanafunzi ni meli gani haimo.

Siwezi kuapa kwamba ndugu wa yule mzee alikuwa ndani ya Khedive Ismail. Nilikwenda Ruangwa kumweleza nilichosoma, nikaambiwa amezikwa tangu masika.