Bakafundisha wa Ufuo wa Mweru

Nchelenge, ufuoni mwa Ziwa Mweru nchini Zambia, mwalimu huitwa bakafundisha kwa Kibemba. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi: anasikia kufunda na kufundisha humo humo, na ile "ba" ya mwanzo ni heshima anayopewa hata mwalimu mmoja peke yake.

Mwaka 2018 udugu huo wa maneno uligeuka kitendea kazi. Makazi ya Mantapala yalifunguliwa wilayani humo kwa wakimbizi wa Kongo, walioanza kumiminika mwaka uliotangulia wakikimbia mapigano ya mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika. Watoto walikuja na Kiswahili chao, na waliokwisha kuanza shule walikuwa na Kifaransa daftarini. Huku mkoani Luapula, mtaala wa 2013 ulitaka madarasa manne ya mwanzo yasomeshwe kwa Kibemba, Kiingereza kifuate.

Hapa ndipo ufundi wa kazi hii unapoonekana. Mwalimu akiandika ubaoni umuti na kuonyesha mti dirishani, mtoto wa Kongo hushtuka: analijua! Imbwa ni mbwa. Umuntu ni mtu. Mwalimu hodari hakimbilii kusahihisha. Husubiri, chaki mkononi, mtoto alisikie neno lake ndani ya neno geni. Kisha huja isabi, na udugu unakatika, maana mtoto anajua samaki. Basi aonyeshwe samaki mwenyewe, na Nchelenge hatafutwi mbali.

Bonde hili lina historia ndefu ya walimu. Kusini mwa ziwa, Mbereshi, Mabel Shaw alifika mwaka 1915 akaanzisha shule ya bweni ya wasichana, akaiongoza hadi 1940, zama ambazo wengi hawakuona haja ya binti kusoma.

Leo mzigo ni idadi. Zambia ilifuta ada mwaka 2022 na kuajiri walimu zaidi ya 30,000 mwaka huo huo. Hata hivyo madarasa yamefurika.

Tena kuna ziwa lenyewe. Uvuvi hufungwa kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, na muhula wa kwanza huanza Januari. Mwalimu anayeijua kalenda hiyo huharakisha: ana wiki chache tu za kumfikisha kijana mvuvi mahali ambapo kitabu kitamvuta. Machi mosi nyavu hurudi majini, naye asubuhi hiyo, kabla ya kufungua daftari la mahudhurio, hutazama madawati ya nyuma.