Ujirani au Mazingira? Uhakiki wa Milango Mitatu ya Kuingilia Topolojia

0. Utangulizi

Katika makala haya mafupi tunakusudia kuhakiki njia tatu ambazo vitabu na walimu huzitumia kumwingiza mwanafunzi katika somo la nafasi za topolojia. Msomaji wa jarida hili atauliza, na ana haki ya kuuliza, mwanaisimu anatafuta nini katika shamba la wanahesabu. Jibu letu ni kwamba hatuendi huko kukosoa hesabu yao. Tunakwenda kukagua maneno yao. Somo hilo limejengwa kwa maneno ya kila siku: wazi, kufungwa, ujirani, mpaka. Na neno la kila siku haliingii darasani peke yake. Huingia na mzigo wake wote.

Lililotusukuma kuandika ni jambo dogo. Mdogo wetu mmoja, mwanafunzi wa hesabu katika chuo ambacho hatuna haja ya kukitaja, alituletea karatasi yake ya mtihani. Alikuwa ameandika kwa Kifaransa kwamba seti aliyopewa haikuwa wazi, na kwa hiyo ilikuwa imefungwa. Mwalimu alipiga mstari mwekundu na kuweka sifuri, pasipo neno la maelezo. Kijana akatuuliza: « Yaya, mlango usio wazi, si umefungwa? » Swali hilo halikutoka kwa mjinga. Lilitoka kwa mtu aliyefuata lugha kwa uaminifu mpaka ikamwangusha.

1. Mlango wa kwanza: mpira unaovutwa

Vitabu vingi vya kuvutia wasomaji huanza na umbo la mpira. Husemwa kwamba topolojia ni elimu ya maumbo yanayoweza kuvutwa na kukunjwa pasipo kukatwa wala kugandishwa. Kwa hiyo kikombe chenye mshikio na bangili ni kitu kimoja, maana kila kimoja kina tundu moja. Picha hii inapendeza, na ina asili ya heshima. Euler, katika uchunguzi wake wa madaraja 7 ya Königsberg aliouwasilisha mwaka wa 1735, alionyesha kwamba kuna maswali ya mahali yasiyohitaji kipimo cha urefu. Listing naye alichapisha mwaka wa 1847 kitabu chenye neno topolojia katika jina lake.

Hata hivyo, picha hiyo ina kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni kwamba inalinganisha nafasi mbili kabla ya kutuambia nafasi ni nini. Ni kama kumfundisha mtu tafsiri kabla hajajua lugha hata moja.

Kasoro ya pili ni kwamba inadanganya. Tuchukue kamba mbili za mpira. Ya kwanza tuunganishe ncha zake. Ya pili tuipige fundo kwanza, ndipo tuunganishe ncha zake. Hata tukizivuta namna gani, ya pili haitageuka kuwa ya kwanza pasipo kukatwa. Lakini kwa mwanatopolojia, kamba zote mbili, zikitazamwa zenyewe, ni nafasi moja, yaani duara. Sisimizi anayetembea juu ya kamba hataona tofauti: popote alipo, kamba inaendelea mbele na nyuma, na mwishowe anarudi alikoanzia. Fundo haliko katika kamba. Liko katika namna kamba ilivyowekwa ndani ya nafasi kubwa zaidi. Mpira hauwezi kutuonyesha tofauti hiyo.

2. Mlango wa pili: seti wazi

Mlango huu ndio wa vyuo vikuu. Kundi la Bourbaki liliutumia katika kitabu chake cha topolojia kilichoanza kutoka mwaka wa 1940, na walimu wengi wanaofundisha kwa Kifaransa wameurithi. Mwanafunzi huambiwa: chagua baadhi ya seti ndogo za nafasi yako, uziite wazi, mradi seti tupu na nafasi nzima ziwemo, muungano wa seti wazi zozote uwe wazi, na sehemu ya pamoja ya seti wazi mbili iwe wazi. Seti itaitwa iliyofungwa ikiwa sehemu inayobaki nje yake ni wazi.

Kama maandishi, fasili hii haina neno la ziada, na hatuna la kuikosoa. Kama utangulizi, ni ukuta. Haisemi kwa nini seti hizo ziitwe wazi. Tena inatumia maneno mawili ambayo katika lugha zetu ni kinyume, hali hapa si kinyume. Katika mstari wa namba, namba zote zilizo kati ya 0 na 1, bila 0 wala 1, ni seti wazi. Pamoja na 0 na 1, ni seti iliyofungwa. Pamoja na 0 bila 1, si wazi wala haikufungwa. Mstari mzima ni wazi na umefungwa kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayesoma kwa Kifaransa na kuulizana na wenzake kwa Kiswahili hapati msaada katika lugha yoyote kati ya hizo mbili, kwa kuwa milango ya Kifaransa na ya Kiswahili ina tabia moja.

3. Mlango wa tatu: Hausdorff

Felix Hausdorff alichapisha Grundzüge der Mengenlehre huko Leipzig mwaka wa 1914. Kabla yake, mwaka wa 1906, Fréchet alikuwa amefasili nafasi kwa umbali kati ya nukta. Hausdorff aliondoa umbali, akabakiza wazo la kilichoizunguka nukta. Tukiite kwa muda eneo, masharti yake ni manne. Kwanza, kila nukta ina eneo angalau moja, nayo imo ndani ya kila eneo lake. Pili, maeneo mawili ya nukta moja yakikutanishwa, sehemu yao ya pamoja inabeba eneo jingine la nukta hiyo. Tatu, nukta yoyote iliyomo katika eneo la nyingine ina eneo lake lisilotoka nje ya lile. Nne, nukta mbili tofauti zina maeneo yasiyokutana.

Tunaona kwamba mlango huu ndio ulio bora, kwa sababu kila sharti lina maana kabla ya kuwa na jina. Mambo mengine yote yanafuata. Nukta iko katika mpaka wa seti ikiwa kila eneo lake linagusa ndani na nje ya seti. Basi seti wazi ni ile isiyobeba nukta hata moja ya mpaka wake. Seti iliyofungwa ni ile inayobeba mpaka wake wote. Hapo swali la mdogo wetu linajibika kwa maneno machache: haya si majibu mawili ya swali moja, bali ni maswali mawili kuhusu mpaka. Seti inaweza kubeba nusu ya mpaka wake, isiwe hiki wala kile. Tena inaweza kukosa mpaka kabisa, kama mstari mzima, ikawa vyote viwili.

4. Jina la kitu

Linabaki swali linalotuhusu zaidi: eneo hilo liitwe nani? Neno eneo lenyewe halifai, kwani shuleni limekwisha kuwa kipimo cha ukubwa. Kifaransa husema voisinage, na wenzetu wanaojaribu kufundisha kwa Kiswahili hutafsiri moja kwa moja: ujirani. Tunaona pingamizi mbili.

Ya kwanza ni ya sarufi. Ujirani, kwa kiambishi chake u-, hutaja kwanza uhusiano, wala haupendi kuhesabiwa. Na Hausdorff anahitaji kuhesabu, maana nukta moja ina maeneo mengi, makubwa na madogo.

Ya pili ni nzito zaidi. Ujirani ni wa pande mbili. Mtu wa Katuba akiwa jirani yangu, mimi pia ni jirani yake. Tuchukue sasa nafasi yenye nukta mbili tu, a na b. Eneo la a ni a peke yake; eneo la b ni a na b pamoja. Msomaji ajaribu masharti matatu ya kwanza: yote yanatimia. La nne halitimii, lakini fasili ya leo hailidai tena. Nafasi zinazolitimiza ndizo zinazoitwa nafasi za Hausdorff. Katika nafasi yetu ndogo, a imo katika kila eneo la b, lakini b haimo katika eneo la a. Mwanafunzi aliyefundishwa ujirani atasema haiwezekani. Ataanguka tena kama mdogo wetu, na kwa sababu ile ile.

Sasa tulitazame neno la Hausdorff mwenyewe. Hakuandika ujirani. Aliandika Umgebung, yaani kile kinachozunguka. Majirani wamo katika neno la Kifaransa. Na Kiswahili kina neno lililoundwa kwa mawazo hayo hayo: mazingira, kutoka kitenzi zingira. Kuzingira si jambo la pande mbili: ukuta unazingira nyumba, nyumba haizingiri ukuta. Tunapendekeza basi mazingira ya nukta. Tunakubali kwamba neno hili nalo lina mzigo, kwa kuwa leo hutumika sana kwa misitu na hewa, na kwamba haliwezi kuchukua nafasi ya uthibitisho. Lakini mzigo huo haumpeleki mwanafunzi kwenye hitimisho la uongo.

5. Hitimisho

Tumesikia mara nyingi kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mawazo ya juu ya hesabu. Mfano huu unaonyesha jambo jingine: mara nyingine tunakitwisha makosa ya lugha nyingine, kisha tunakilaumu kwa kulemewa. Tunawaomba wenzetu wa hesabu waanze na mazingira, wafuate na mpaka, na waache wazi na kufungwa vije mwisho. Na anayesahihisha mitihani asitoe sifuri kabla ya kujiuliza kama mwanafunzi alikosa kufikiri, au alifikiri vema juu ya neno baya.