Je, Kelele Ni "Noise"? Uhakiki wa Tafsiri Moja Mpakani

Katika makala haya tunahakiki tafsiri iliyozoeleka mno, ile inayolifanya neno kelele kuwa sawasawa na noise la Kiingereza. Tumechagua Malaba, mpakani mwa Busia na Tororo, kwa kuwa hapo sheria mbili zinakutana. Uganda ilitoa kanuni zake za kudhibiti kelele mwaka 2003, na Kenya mwaka 2009. Zote ziliandikwa kwa Kiingereza, ilhali dereva wa lori, utingo na mama muuza ndizi kwenye foleni huelewana kwa Kiswahili.

Tuanze na asili. Noise lilitoka Kifaransa cha kale, na wataalamu wengi hulirudisha kwenye nausea la Kilatini, yaani kichefuchefu cha baharini. Neno hilo basi lina kero katika mizizi yake. Kelele lina sura nyingine. Silabi zake zinazojirudia zinaelekea kuiga sauti yenyewe, kama tunavyosikia katika vigelegele, ambavyo ni vya furaha. Kilingala nacho kina makelele kwa maana ya namna hiyo.

Tukija kwenye matumizi, kelele hupigwa, na mara nyingi mpigaji ni mtu. "Darasa linapiga kelele" ni lawama. Lakini "alipiga kelele, majirani wakaja" ni kuomba msaada. Katika methali ya chura asiyemzuia ng'ombe kunywa maji, kelele ni maneno ya wapinzani.

Sasa tutazame sheria. Kanuni za Kenya zinakataza sauti kubwa, isiyo ya lazima, inayosumbua mapumziko au kuhatarisha afya ya wengine. Kipimo hapo ni madhara. Tukitafsiri kwa kifupi "ni marufuku kupiga kelele", utingo atanyamaza huku injini ikinguruma usiku kucha. Naye aliyevamiwa gizani anaweza kudhani kwamba hata mayowe yake ni kosa.

Wapo watakaosema kwamba uchafuzi wa kelele ni istilahi iliyokwisha kukita mizizi. Tunakubali. Hata hivyo, istilahi inayoeleweka darasani si lazima ieleweke barabarani. Kwa maoni yetu, honi, injini na vipaza sauti viitwe sauti za kero, na madhara yake yatajwe waziwazi.

Jambo hili si dogo. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Kenya kwa Katiba ya 2010, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali kiwe lugha rasmi huko pia. Tafsiri za sheria zitahitajika zaidi. Tunawashauri walimu wawape wanafunzi kifungu kimoja wakitafsiri, kisha wamsomee dereva yeyote na kumwuliza: umekatazwa nini?