Verckys: saksofoni ao biashara?

Bandugu, kila tukitaja Verckys, bantu banaanza na mali yake: lebo ya Vévé, Bella Bella, Lipua Lipua. Mimi naanza na saksofoni. Aliingia OK Jazz mwaka 1963, mule gitaa ya Franco njo ilikuwa mukubwa. Yeye akakataa saksofoni ikae nyuma ya waimbaji. Ikajibu, ikabishana, ikapiga kelele. Hata jina lake ni King Curtis, yule Mmarekani wa saksofoni, lililosikiwa vibaya!

1969 akatoka, akaanzisha Orchestre Vévé, akaingiza soul ndani ya rumba. 1972, katika « Nakomitunaka », akauliza kwa nini picha za kanisa zinaonyesha malaika weupe na shetani mweusi. Huyo alithubutu kweli.

Kisha patroni akameza mpiga saksofoni, njo maoni yangu. Sisi ba Kolwezi tunamuelewa: alishika kazi yote, toka kupiga muziki mpaka kuuzisha diski, na huku shaba yetu inatajirisha wengine. Lakini diski za mbele zaidi, mimi nasikia mashine nzuri, saksofoni inapita haraka, kama mgeni.

Alikufa Oktoba 2022. Anzeni na zile za 1969 mpaka 1972, halafu mnibishie.