Kanivo iliyopotea ndani ya PV

Leo sileti habari ya mbolea. Nataka tusome pamoja karatasi moja, vile maprofesa walitufundisha kusoma TFC ya mwenzetu: bila chuki, lakini kalamu nyekundu mkononi. Karatasi yenyewe ni PV ya kikao kimoja cha baraza la komine yetu. Kurasa 6, sahihi tatu, mihuri miwili. Jina la komine sitaitaja, juu najua wengi wenu mungeisoma mungesema ni ya kwenu.

Mimi nilikuwa ndani ya kile kikao. Njo maana naweza kulinganisha.

Tangu nimalize agronomie, niko nalima mboga pamoja na kundi la bamama kwenye bonde nyuma ya kartye yetu. Nyanya, lengalenga, biringanya. Tunauzia kwenye soko la komine, upande wa depo ya mihogo. Pale kuna kanivo iliyozibwa. Mvua ikinyesha nusu saa tu, maji meusi yanapanda mpaka chini ya meza, na kitunga kilichowekwa chini kimekwisha. Nyanya iliyolowa maji ya kanivo haina dawa: huwezi kuiosha ukasema imepona. Msimu wa mvua uliopita tulitupa vitunga vitatu siku moja. Mutu ambaye hajalima anaona vitunga vitatu. Mimi naona miezi mitatu ya kuamka saa kumi na moja kunyweshea maji na arozwari.

Bamama wakaniambia: "We muagronome, uko na lisansi, utuandikie barua." Nikaandika. Baraza likatualika tukaeleze shida yetu, na Mama mmoja, mkubwa wa kundi, akachaguliwa kusema.

Ajenda ilikuwa na pointi saba. Wimbo wa taifa na ufunguzi. Kupitisha ajenda. Kusoma PV ya kikao kilichotangulia. Neno la mkubwa wa baraza. Barua zilizoingia. Halafu swali la washauri wataketi wapi siku za sherehe za Leta, na karte yao ya kazi itakuwa namna gani. Mwisho kabisa, pointi ya saba: "Divers". Soko letu lilikuwa ndani ya "Divers". Na taa za barabara pia, na makaburi, na mbuzi zinazotembea ovyo mu muji. Yani yote ambayo komine inaishi nayo kila siku iliwekwa kwenye dakika 20 za mwisho, saa ile tumbo linalia na kila mutu anaangalia mulango.

Mama alipopewa neno, hakuchukua hata dakika mbili. Nilikuwa naandika kwenye daftari langu, kwa hiyo nayarudisha maneno yake karibu vile vile:

"Bakubwa, niko na maneno tatu. Ile kanivo iliziba tangu ule kibanda kijengwe juu yake, na mwenye kibanda anasema komine njo ilimupa fasi. Ya pili, tunalipa taxe franka 500 kila siku, mutu wa taxe anapita saa mbili, leo anatupa jetoni, kesho hapana. Ya tatu: nani atakuya kuizibua, na siku gani?"

Washauri wawili walitikisa kichwa, kwa kukubali. Mmoja akasema kwa Kiswahili safi kwamba hata yeye anapita pale na viatu mkononi. Tukacheka. Nikafikiri: tumefika.

Sasa tusome PV. Kwenye ukurasa wa 6, mistari miwili juu ya sahihi, kuna hii: "La représentante des vendeuses a évoqué des préoccupations diverses liées à l'assainissement. Le Bureau en a pris bonne note." Kwa Kiswahili: muwakilishi wa wachuuzi aligusia masumbuko mbalimbali kuhusu usafi, na biro ikachukua nota.

Basi. Kibanda hakiko. Franka 500 haziko. Jetoni haiko. Swali la nani na siku gani haliko. Hata neno kanivo halimo mu PV yote, nimetafuta mara mbili na kidole.

Mutu anaweza kuniambia: PV ni muhtasari, haiwezi kubeba kila neno. Nakubali. Lakini rudi ukurasa wa 3, pale kwenye swali la kuketi siku za sherehe. Nusu ukurasa mzima! Nani alileta wazo, nani alimuunga mkono, nani alikataa na sababu yake, kura ngapi, na tarehe ambayo sekretere atapeleka barua kwa protokole. Hapo mwandishi anajua kazi yake vizuri sana. Kwa hiyo si kwamba hawajui kuandika uamuzi. Wanajua. Wanachagua ni jambo gani litaandikwa kama uamuzi na ni lipi litaandikwa kama "sumbuko".

Ushahidi mwingine uko kwenye lile lile jengo, mulango wa pili kushoto: biro ya état civil. Nenda kuandikisha mtoto ndani ya siku 90 za sheria, uone lile kitabu. Jina la mtoto, siku na fasi alipozaliwa, jina la baba na mama, nani ametangaza, shahidi nani, sahihi ya ofisa. Ukisahau mstari mmoja, yule papa wa biro anakurudisha, hata ukiwa na haraka namna gani. Ananikasirisha, lakini namuheshimu. Kitabu chake kinaweza kumusaidia mutu kortini miaka 30 ijayo. Ile PV ya baraza haiwezi kumusaidia mutu hata wiki ijayo.

Sisi wa agronomie tunaielewa hii kwa haraka. Mukumbuke cahier de champ. Ungemupelekea assistant daftari lenye kuandikwa "tulipanda mbegu mbalimbali na tukachukua nota ya mvua", angekutupia usoni. Parsele gani? Tarehe? Kilo ngapi? Nani alipalilia? Bila hivyo hakuna mutu anaweza kurudi kuangalia kama kazi ilifanyika, hata wewe mwenyewe.

Na hapo njo pabaya zaidi kuliko uchafu wa soko. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya entités décentralisées inaipa komine viungo viwili: baraza linalojadili na kuamua, na koleji ya burgumestre inayotekeleza. Masoko ya komine na usafi wake ni kazi ya komine, hatuendi kuomba Kinshasa. Sasa, kama baraza linaandika tu kwamba limechukua nota, burgumestre atekeleze nini? Ukimuuliza, atakuambia kwa haki kabisa: mimi sikupata uamuzi wowote. Ukirudi kwa baraza, watakuambia: sisi si watekelezaji. Kila mmoja anasema ukweli, na kanivo inabaki imezibwa.

Tena hili baraza tulilisubiri. Katiba ni ya 2006. Tarehe 20 Desemba 2023 njo mara ya kwanza chini ya hii Katiba tulichagua washauri wa komine, na hata hivyo ni kwenye miji mikuu ya majimbo tu. Kumbuka ile kura ya nne kwenye mashine, baada ya Rais na wadeputé wa taifa na wa jimbo, pale watu walikuwa wamechoka na wakabonyeza sura yoyote. Mimi niliibonyeza kwa furaha. Nilisema: huyu ninaweza kumukuta kwa bulanjeri asubuhi, nimuulize.

Najua jibu linalokuja: komine haina makuta. Ni kweli, na sitaki kucheza na hii. Katiba, kifungu cha 175, inasema 40% ya mapato ya taifa yabaki majimboni, na sheria ya 2008 inasema 40% ya sehemu ya jimbo iende kwa entités kama komine. Kila mutu anayekaa hapa anajua vile hizo pesa zinachelewa au hazifiki. Washauri wenyewe tumewasikia wakilia mshahara. Lakini kwa ile kanivo hatukuomba barabara ya lami. Kuzibua hatua 40 za kanivo ni beleshi, toroli na vijana, na ni kumuambia mutu mmoja asogeze kibanda. Na upande wa pesa, siku moja nilihesabu: upande wetu tu wa soko, meza 84 zilizolipa. Mara franka 500, ni franka 42.000 kabla ya saa tatu asubuhi. Hizo hazitoki Kinshasa. Zinatoka kwenye kitambaa cha kiuno cha mama. Kama siku hiyo jetoni haikutolewa, hakuna karatasi hata moja inayosema zilienda wapi, na PV njo ingekuwa karatasi ya kwanza kuuliza.

Sekretere aliyeandika ile PV ni mwenzetu. Alisoma droit, kwenye universite ya muji wetu, promosheni mbili mbele yangu. Nilimuendea, na si kwa ugomvi.

"Ya, juu ya nini kibanda hakimo?"

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mudogo, nikiandika kibanda, kesho mwenye kibanda atanipigia simu. Na yule aliyemupa fasi pia. Nikiandika préoccupations, hakuna mutu ananipigia."

Nikamuambia hiyo si sababu. Akanijibu: "Wewe barua yako uliandika nini?"

Nikaenda nyumbani, nikafungua kopi ya barua yangu. Wapendwa, ile barua niliipenda. Nilikuwa nimeweka hadi "d'ores et déjà". Bamama walikuwa wameniambia kwa mdomo: kibanda kimejengwa juu ya kanivo, mbele ya depo ya mihogo, na komine njo iliruhusu. Mimi niliandika: "certaines occupations anarchiques entravant l'écoulement des eaux." Kwa Kiswahili, watu fulani waliokaa ovyo na kuzuia maji yasipite. Watu fulani! Bamama walisema jambo, na kabla sekretere hajalifuta, mimi nilikuwa nimelifuta tayari, na lisansi yangu mkononi, tena walinishukuru na sombe na samaki.

Kikao kinazungumzwa kwa Kiswahili na PV inaandikwa kwa Kifaransa. Sisemi Kifaransa ni kibaya, mimi mwenyewe nimekula juu yake. Ila pale katikati, kwenye kutoka lugha moja kwenda nyingine, kuna sisi. Kila PV ya komine, kila barua ya asosiasi, kila rapori ya kartye imepita mkononi mwa mutu aliyesoma kama wewe na mimi. Tunafundishwa kwamba neno kubwa ni heshima. Mama alisema "nani, na siku gani". Ni maswali mawili ambayo Kifaransa kinayaweza bila shida: qui, quand. Hatukuyaandika juu yanaonekana madogo, kama ya mutoto, na juu yanaleta simu.

Kanivo ilizibuliwa, nisiwafiche. Jumamosi moja bamama walichanga kila mmoja kidogo, wakawalipa vijana sita wa toroli. Kibanda kilibaki, vijana walipitisha mikono chini yake kama wanazalisha ng'ombe. Jumatatu saa mbili mutu wa taxe alipita kama kawaida, akaruka juu ya matope waliyoyatoa, akachukua 500 zake. Jetoni hakutoa. Na kwenye kikao kilichofuata nilikwenda tena, nikaketi nyuma. PV ya kwanza ilisomwa na kupitishwa kwa makofi. Mshauri yule wa viatu mkononi alikuwepo, hakusema kitu. Halafu kwenye "Divers" baraza likapongeza wakaaji wa soko kwa roho yao ya salongo. Hiyo iliandikwa, mistari mitano.

Yale matope bado yako kando ya kanivo. Mvua mbili tatu zitayarudisha ndani. Mama amenunua daftari la kurasa 48, amenipa, na safari hii alisimama nyuma yangu akiangalia mkono wangu. Alitaka iandikwe kwa Kiswahili kwanza, Kifaransa chini. Mistari ya kwanza ni hii:

Kanivo mbele ya depo ya mihogo, hatua 38. Imezibuliwa na vijana 6, wamelipwa na meza 84. Matope hayajaondolewa. Kibanda kiko juu ya hatua 5 za mwisho. Mwenye kibanda anasema ana karatasi ya komine. Tumeomba kuiona, hajaileta. Taxe ya leo: meza 84, jetoni 0. Tunauliza baraza: nani, na siku gani.

Nakala nimeipeleka kwa sekretere. Aliisoma yote amesimama, akauliza kama lazima aiandike vile ilivyo. Nikamuambia ndiyo, Ya. Kikao kitakuwa wiki ijayo, na tumeomba tusiwekwe kwenye "Divers".